Namna ya kuzipata albamu utakazozipenda, na namna ya kumpa mtu albamu akaisikiliza kweli

Kuna rafiki yangu mmoja aliwahi kuniambia "nipe basi albamu kali nisikilize", mi kwa furaha nikamrekodia voisi noti ya dakika sita, nikamtajia albamu 14, moja moja na sifa zake, alafu nikamshushia na linki zote kwa mpigo. Wiki mbili baadae namuuliza vipi, ananambia bado hajapata muda. Mwezi, bado. Mpaka leo hajasikiliza hata moja na wala simlaumu, maana nikiirudia ile voisi noti naona kabisa nilikua najifurahisha mwenyewe, yeye nilishamsahau toka sekunde ya kumi.

Toka hapo nikabadilisha ninavyotafuta muziki na ninavyowapa watu, na nimekuja kuona hivi vitu viwili vinaenda pamoja. Ukitafuta kwa kufuata watu, yani nani kapiga besi, nani kaandika, nani kakaa studio, unakua na kitu cha kumwambia mwenzio. Ukitafuta kwa listi za "albamu 100 bora" unaishia na we kumtupia mtu listi. Kwahiyo hatua hizi nusu ni za kutafuta na nusu za kupendekeza, usiruke za mwanzo ukakimbilia za mwisho.

Hatua ya 1: Jua unachokipenda ni nini hasa

Mtu akikwambia "mi napenda R&B" bado hajakwambia kitu. Chukua rumba ya Kongo. Kuna anayeipenda kwa ajili ya mwanzo, pale mwimbaji anabembeleza na kulalamika taratibu huku wenzie wanamwitikia, na kuna anayeuvumilia tu huo mwanzo akisubiri sebene, magitaa yaanze kufukuzana. Wote wawili watakwambia wanapenda rumba. Wape albamu moja, mmoja atakushukuru na mwingine atasinzia.

Fanya hivi. Chukua karatasi uandike nyimbo tano usizozichoka, sio tano bora za dunia, tano ambazo hata ukizisikia kwa jirani unasimama kwanza. Mbele ya kila moja andika sentensi moja tu, ni wapi kwenye wimbo panakushika na kuna nini pale. Usiandike "una hisia", andika "pale ngoma inakata anabaki na gitaa peke yake" au "anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio". Mi nilipofanya hili zoezi mara ya kwanza nikakuta sentensi nne kati ya tano zinataja besi. Miaka yote najitangaza kwamba mi ni mtu wa mashairi, kumbe mashairi nilikua siyasikilizi, nasikiliza besi! Utafutaji wangu wote ukabadilika siku hiyo.

Hatua ya 2: Soma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, nitakaa hapa kidogo.

Chukua albamu ambayo karibu kila mtu ameshaisikia, Thriller ya Michael Jackson, 1982. Wengi wanaishia jina la Michael, wachache wanajua produsa ni Quincy Jones. Sasa shuka chini zaidi. Nyimbo tatu kati ya tisa, ukiwemo huo wenyewe uliobeba jina la albamu, zimeandikwa na mtu anaitwa Rod Temperton, mzungu wa Uingereza, mpiga kinanda wa bendi ya Heatwave. Nenda kawasikilize Heatwave wa miaka ya 70 utaona yule bwana alishakua na zile hesabu zake za besi na sauti za kupandishana kabla hajakutana na Michael. Kwenye Off the Wall ya 1979 napo ana nyimbo tatu, mojawapo Rock with You. Alafu 1980 yeye na Quincy wakaenda kwa George Benson wakatengeneza Give Me the Night, na kama ulikua hujawahi kuisikia hiyo albamu basi hapohapo ushapata jioni yako.

Bado hatujatoka kwenye Thriller. Besi ya Billie Jean kapiga Louis Johnson. Huyu na kaka yake George walikua wanajiita The Brothers Johnson, na albamu zao nne za kwanza produsa alikua Quincy huyohuyo. Human Nature kaiandika Steve Porcaro pamoja na John Bettis, na Porcaro alikua wa bendi ya Toto, walewale wenye wimbo wa Africa uliotoka mwaka huohuo wa 82, na wenzie kina Steve Lukather na Jeff Porcaro nao wamepiga humo ndani. Unaona sasa, albamu moja uliyodhani unaijua imekufungulia milango minne na hakuna aliyekupendekezea kitu, ni kusoma tu.

Majina unayapata wapi? Kwenye apu nyingi za muziki ukibonyeza zile nukta tatu pembeni ya wimbo kuna sehemu ya krediti. Mara nyingi inakua imekatwakatwa, wanaweka mwandishi na produsa basi, mpiga ngoma hayupo. Hapo nenda kwenye tovuti ya Discogs, ipo toka 2000 na watu wameingiza humo mpaka picha za nyuma ya kava, au MusicBrainz. Albamu maarufu hata Wikipedia inatosha, shuka mpaka kwenye orodha ya wapigaji.

Kuna albamu za zamani ambazo hutakuta jina la mpigaji kwenye kava kabisa. James Jamerson kapiga besi kwenye nyimbo nyingi mno za Motown, lebo ya Marekani, miaka ya 60, nyimbo ambazo unazijua hata kama hujui kwamba unazijua, na jina lake halikua linaandikwa, mpaka What's Going On ya Marvin Gaye mwaka 1971 ndo wakamtaja. Kwahiyo ukiona kimya kwenye kava usidhani hakukua na mtu.

Kama wewe ni wa hip hop njia yako ni sampo, yani kipande cha wimbo wa zamani kinachochukuliwa kujengea wimbo mpya. Ngoma ya Coolio ya 1995, Gangsta's Paradise, imejengwa juu ya Pastime Paradise ya Stevie Wonder, iliyopo kwenye Songs in the Key of Life ya 1976. WhoSampled inakuonyesha hivi vitu wimbo kwa wimbo, nani kachukua wapi na ni dakika ya ngapi. Nimeshapoteza usiku mzima humo, nimeingia na wimbo mmoja nimetoka na albamu sita za kusikiliza na macho mekundu.

Angalizo moja, usifuate kila jina utachoka. Fuata jina linalojirudia. Ukiona mpiga ngoma yuleyule kwenye albamu tatu ulizozipenda bila kujua, hiyo sio bahati, masikio yako yalishamchagua zamani we ndo ulikua hujaambiwa.

Hatua ya 3: Fuata lebo, hasa zile ndogo

Lebo kubwa hazikusaidii sana kwasababu zinatoa kila kitu. Lebo ndogo mara nyingi nyuma yake kuna mtu mmoja au wawili wenye masikio yao, ukipatana nao kwenye albamu moja kuna uwezekano mkubwa mtapatana kwenye ya pili.

Mfano World Circuit ya Uingereza. Humo kuna Ali Farka Touré, kuna Oumou Sangaré, kuna Orchestra Baobab. Mwaka 1996 mwenye lebo, Nick Gold, na mpiga gitaa Ry Cooder walikua wanawasubiri wanamuziki kutoka Mali waje Havana warekodi pamoja na Wacuba. Wamali hawakufika. Studio ishakodiwa, wakaamua kuwakusanya wazee wa Cuba wenyewe, na kilichotoka 1997 ndo kile kinachoitwa Buena Vista Social Club. Alafu 2010, baada ya miaka 14, Wamali na Wacuba wakakutana kweli na ikatoka albamu ya AfroCubism. Mi nilianza na ile ya 1994 ya Ali Farka Touré na Ry Cooder, Talking Timbuktu, nikafuata jina la lebo tu, na hiyo hadithi yote nikaikuta njiani.

Au Real World, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel 1989. Mwaka huohuo wakatoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, na kwenye lebo hiyohiyo yupo Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan na qawwali zake, nyimbo za ibada za Kisufi. Hakuna apu ingeniambia kwamba mtu anayempenda Dokta Remmy ajaribu qawwali, lakini jaribu uone, ule mwendo wa kurudia mstari mmoja mpaka watu wapagawe wote wawili wanao.

Nyingine ni Buda Musique ya Ufaransa. Hawa ndo wenye mfululizo wa Éthiopiques, muziki wa Ethiopia wa miaka ya 60 na 70, ambapo namba 4 ni ya Mulatu Astatke, na hao ndo wenye Zanzibara, mfululizo wa muziki wa pwani na visiwani, taarabu na dansi. Kama umefika hapa kwa ajili ya Bi Kidude, sogea kwa Mulatu, ni mlango wa pili tu hapo.

Hatua ya 4: Algoridhimu itumie, ila usiiachie usukani

Hii ni ile mashine ya ndani ya apu inayokuchagulia nyimbo, na sina ugomvi nayo. Ile listi ya Discover Weekly ya Spotify, iliyoanza 2015, nyimbo 30 kila Jumatatu, imeshanipa vitu vizuri. Tatizo ni kwamba inajua ulichosikiliza, haijui kwanini. Ukilala simu ikaendelea kupiga mpaka asubuhi, inadhani unapenda. Ukiskipu wimbo kwasababu kuna mtu kakupigia, inaweza kudhani hupendi. Mi niliwahi kumpa mtoto wa dada yangu simu mchana mmoja tu, wiki tatu zilizofuata mapendekezo yangu yote yalikua nyimbo za watoto kuhesabu namba, jamani. Apu nyingi zina namna ya kusikiliza bila kurekodiwa kwenye historia, iwashe kabla ya kutoa simu, na pia kabla ya ile siku ya huzuni unayotaka kurudia wimbo mmoja mara 20.

Kitu kingine, jua hesabu zake. Spotify wimbo ukipigwa sekunde 30 unahesabika umesikilizwa, kwahiyo wengi siku hizi wanakimbilia kiitikio haraka wasije wakaskipiwa. Muziki unaochelewa kufunguka unaumia hapo, na mwingi wa huo ndo mzuri.

Na chati? Kuna utafiti wa 2006 wa kina Salganik, Dodds na Watts naukumbuka kila nikiona "namba moja". Waliwachukua watu zaidi ya 14,000 wakawapa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine walisikiliza bila kuona wenzao wamechagua nini, wengine wakagawanywa makundi manane na ndani ya kila kundi mtu anaona wenzie wameshusha wimbo upi mara ngapi. Nyimbo zilezile, lakini kila kundi likapata washindi wake. Zile nzuri sana mara chache zilikua mkiani na zile mbovu sana mara chache zilishinda, ila za katikati zote ilikua bahati nasibu, aliyetangulia kupata watu ndo akaongezewa. Kwahiyo albamu kuwa namba 60 haina maana ni mbovu, inaweza ikawa tu ilichelewa foleni.

Hatua ya 5: Isikilize kama albamu

Zamani zile santuri za mizunguko 78 zilikua zinaingiza kama dakika tatu kila upande, kwahiyo kazi ndefu ilikuja kwenye santuri kadhaa zilizofungwa kwenye jalada kama la picha za familia, ndo jina la albamu likatokea huko. Mwaka 1948 Columbia wakaleta santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, dakika 20 na kitu kila upande, na hapo ndo umbo tunalolijua likazaliwa.

Kwanini nakwambia? Kwasababu albamu za enzi hizo zina mwanzo mara mbili. Mtu alikua anainuka, anageuza santuri, anaanza upya. Turudi kwenye Thriller, upande wa kwanza una nyimbo nne na unafungwa na Thriller yenyewe, kile kicheko mwishoni, kimya, unainuka unageuza, na upande wa pili unakupiga na Beat It. Kwenye simu vinaunganishwa tu kama foleni ya benki. Kwahiyo ukisikiliza albamu ya kabla ya enzi za CD angalia kwenye Discogs upande B unaanzia wapi, ukifika hapo simamisha, kanywe maji, rudi. Najua inaonekana ni ujinga lakini jaribu mara moja.

CD zilipokuja miaka ya 80 zikaingiza kama dakika 74, na wasanii wengi wa miaka ya 90 wakaona lazima wazijaze. Hapo nakupa ruhusa, albamu ya nyimbo 21 na michezo ya kuongea katikati sio lazima uimalize kwa kikao kimoja.

Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Mwaka 2021 Adele alipotoa albamu yake inayoitwa 30 aliwaomba Spotify wasikiweke ndo cha kwanza kwenye kurasa za albamu na wakakubali, kwahiyo hata wenyewe wanajua mpangilio umepangwa na mtu.

Alafu mara tatu. Ya kwanza iache inapiga ukiwa unafanya kazi zako, usiihukumu. Ya pili kaa chini na iyafoni, usishike kitu kingine. Ya tatu baada ya siku kadhaa. Kuna mwanasaikolojia, Zajonc, alionyesha toka 1968 kwamba watu huwa wanakipenda zaidi kitu kadiri wanavyokutana nacho, na kwenye muziki hili utaliona mwenyewe. Ndo maana wimbo wa redioni uliokuchefua mwanzo wa mwezi, mwisho wa mwezi unauimba bafuni. Sasa basi kama redio inafanyiwa hiyo hisani, na albamu nayo ifanyie. Ikifika mara ya tatu bado hakuna kitu, achana nayo kwa amani, hata kama dunia nzima inaisifia.

Hatua ya 6: Andika

Fupi tu hii. Daftari au noti kwenye simu, kila albamu mstari mmoja: tarehe, nani au nini kilinileta hapa, wimbo uliobaki kichwani, na nafasi tupu ya kujaza baada ya mwezi. Hiyo nafasi tupu ndo muhimu. Albamu nyingi nilizoziandikia "moto sana!!!" siku ya kwanza, baada ya mwezi sikumbuki hata wimbo mmoja, na kuna moja niliandika "mh, kawaida" ambayo sasa hivi naisikiliza karibu kila wiki. Unapopendekeza, pendekeza kutoka kwenye safu ya baada ya mwezi.

Hatua ya 7: Mtu akikuomba albamu, usijibu kwanza, muulize

Maswali matatu yanatosha. Wiki hii umesikiliza nini? Sema wiki hii, ukimuuliza "unapenda nini" atakutajia vitu vya kujionyesha. Unasikiliza saa ngapi na ukiwa unafanya nini? Mtu wa kusikiliza akiwa anaandika kazi usimpe albamu yenye maneno mengi, na mtu wa kusikiliza kabla ya kulala usimpe tarumbeta. La tatu, nini kinakukera? Hili watu hawaulizi kabisa na ndo linaokoa muda kuliko yote. Kuna dada mmoja nilikua nampigia debe la jazi miezi, siku namuuliza hilo swali akanambia hapendi saksafoni, hata kidogo, inamkumbusha matangazo. Nilikua nimeshampa albamu nne na zote saksafoni mwanzo mwisho.

Hatua ya 8: Mpe moja, na umwambie anaingilia mlango gani

Moja. Sio tatu "achague mwenyewe". Ukimpa tatu umempa kazi.

Meseji mbaya, naijua kwasababu nilikua naiandika mimi: "Kaka sikiliza Fela, yani huyo mtu ni hatari, albamu zake zote, huwezi kujuta, legendi." Hapo mtu anaanzia wapi? Fela Kuti ana albamu kwa makumi. Atafungua, ataona bahari, atafunga.

Meseji niliyomtumia mtu juzijuzi, baada ya kunijibu yale maswali na kuniambia anapenda ngoma na huwa anasikiliza akiwa anafanya usafi: "Sikiliza Zombie ya Fela, 1976. Wimbo wa kwanza ni dakika 12 usiogope, Fela mwenyewe anachelewa kuingia, zile dakika za mwanzo we mfuate mpiga ngoma tu, anaitwa Tony Allen. Ukimpenda huyo niambie, nina nyingine." Angalia kilichomo. Albamu moja. Onyo la kitu kitakachomshtua, yani urefu. Kazi ndogo ya kufanya na masikio. Na jina la mtu wa kumfuata, ambalo limetoka hatua ya 2. Akirudi anamtaka Tony Allen, nitampeleka kwenye ile albamu ya 2007 ya The Good, the Bad & the Queen ambapo mzee kapiga ngoma na vijana wa London, na hapo tutakua tumeshatoka Lagos bila yeye kuambiwa "panua upeo wako", maneno ambayo naomba usimwambie mtu yeyote.

Kuhusu milango ya wakubwa, mitazamo yangu hii, bishana na mimi ukitaka. Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, anzia Kind of Blue, 1959, usianzie Bitches Brew. Kind of Blue ilirekodiwa siku mbili tu na kila aliyepiga humo ni mlango, John Coltrane, Bill Evans, Cannonball Adderley, ukimaliza unachagua wa kumfuata nyumbani kwake. Coltrane mwenyewe anzia Blue Train au Ballads, zile za mwisho mwisho ziache kwanza, mimi mwenyewe zilinifukuza miaka miwili. Stevie Wonder usimpe mtu Songs in the Key of Life siku ya kwanza, ni santuri mbili na nyongeza juu, karibu saa moja na dakika 45, mpe Innervisions ya 1973, nyimbo tisa, kwisha.

Franco na TPOK Jazz ni kesi ya peke yake. Alirekodi toka miaka ya 50 mpaka anakufa 1989, albamu zake zinachanganya, zingine zina nyimbo nne tu na majina yanajirudia. Hapa naruhusu mkusanyiko, tena ule wa lebo ya Sterns unaoitwa Francophonic, upo wa kwanza na wa pili, umepangwa kwa miaka kwahiyo unasikia bendi inavyokua. Tabu Ley naye Sterns wamemfanyia The Voice of Lightness. Ukimpa mtu hizi mpe na jina la Sam Mangwana, maana huyo kaimba kwa wote wawili, kwa Tabu Ley na kwa Franco, na kumsaka sauti yake huku na kule ni mchezo mtamu kuliko kubishana nani alikua mkali kati ya wakubwa zake.

Hatua ya 9: Kusubiri, na majibu yakija

Usiulize kesho yake. Wiki mbili mwache. Akikaa kimya baada ya hapo, uliza mara moja tu alafu nyamaza.

Akisema hajapenda, usimtetee msanii, msanii hajakutuma. Muulize aliishia wimbo wa ngapi. Hili jibu lina faida kuliko "nimeipenda". Akiishia dakika ya pili ya wimbo wa kwanza, mlango ulikua mbaya, inawezekana albamu ni nzuri kwake ila ulitakiwa umwambie aanzie wimbo wa tatu. Akifika mpaka mwisho na bado hakuipenda basi ulimsoma vibaya, rudi kwenye yale maswali. Akiniambia "ilikua poa" naelewa hakusikiliza, naandika hivyo kwenye daftari na siku nyingine nampa kitu kifupi zaidi.

Akiipenda, zuia mkono. Hapo ndo unajisikia kumshushia zile 13 zilizobaki. Muulize ni nani kwenye albamu kamshika, mpe jina moja lingine, basi.

Na muombe na yeye akupe moja yake, uisikilize kwa masharti yaleyale, mara tatu, bila kuskipu. Mi nilipewa albamu ya muziki wa magitaa ya kelele na kijana mmoja ambaye hatuendani masikio kabisa, mara ya kwanza nikaona ni mateso, ya pili hivohivo, ya tatu wimbo wa nne ukabaki. Albamu yenyewe bado siipendi. Ila huo wimbo upo kwenye daftari, na kwenye safu ya "nani kanileta hapa" pana jina lake.